Stashahada kwanza, shahada baadaye
Dada, wewe ni mzazi unayeuza dukani Kondele, Kisumu, na umeuliza iwapo uanze na shahada ya uuguzi au stashahada. Ikiwa ulipata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, ningekushauri uanze na stashahada ya miaka 3 katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya chenye kampasi Kisumu, Nakuru na Kakamega, ambako unaweza pia kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Shahada utaiongeza ukiwa na mshahara.

Hata hivyo, kinachowalemea wazazi wengi zaidi ya karo ni zamu za wodini, kwa kuwa mafunzo ya vitendo hayasubiri mtu afunge duka, na siku utakapopangiwa usiku ni lazima awepo mtu wa kulala na watoto na kuwaandaa kwenda shule asubuhi. Zungumza na huyo mtu sasa, kabla ya kujaza fomu. Anayekuahidi kuwa utasomea uuguzi wote kwa intaneti mwepuke (sindano haichomwi kwenye simu), na usilipe chochote kabla ya kuhakikisha kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo ndilo hutoa leseni.