Vibua wa friza kugeuka manjano: je, majani husaidia?
Dadangu, vibua wako kugeuka manjano na kunuka mafuta mabaya si kosa la friza. Ni mafuta ya samaki kukutana na hewa. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huchelewesha tu, haizuii. Chai ya kijani au rozimeri (jani la kiungo lenye harufu kali) husaidia kweli. Pika chai nzito ya majani hayo, iache ipoe hadi iwe baridi kabisa, chovya vipande vya samaki kabla ya kugandisha, vichuruze maji, kisha funga plastiki ikibana, hewa isibaki. Karafuu za soko la Marikiti pia zina nguvu, lakini shauri yako, mchuzi wote utanuka karafuu! Samaki aina ya changu hana mafuta mengi, usijisumbue naye. Na samaki aliyeshinda juani kabla ya kugandishwa, hakuna jani la kumwokoa.