Kwa Wanaoanza Kupima Tope la Vijito

Ninyi mnaoanza kupima maji ya vijito vya milima ya Uluguru, Morogoro, huenda mkaja na dhana niliyokuwa nayo mimi, kwamba chembe laini iliyong'olewa na mvua shambani huelea moja kwa moja hadi Mto Ngerengere, ikaingia Ruvu na kuishia baharini. Hesabu inaonekana kuiunga mkono. Kwa kanuni ya kuzama aliyoieleza mwanafizikia Stokes mwaka 1851, punje ya udongo mfinyanzi yenye kipenyo cha milimita 0.002 huzama kiasi cha sentimita 30 kwa siku nzima katika maji yaliyotulia, ilhali mchanga laini wa milimita 0.06 humaliza kina hicho kwa dakika moja na nusu hivi. Kijito kinachokwenda nusu mita kwa sekunde huwa kimepita zaidi ya kilomita 40 kabla punje ile haijafika chini.

Lakini geuzeni jiwe lolote wakati wa kiangazi, mwone tope lililojificha chini yake. Maji ya kijito hayapiti juu ya kokoto tu: sehemu yake hupenya katikati yake, ikapita polepole chini kwa chini na kuibuka mbele, na kila ipenyapo huacha humo baadhi ya chembe ilizobeba. Nyingine hunaswa na ule utelezi unaoota juu ya mawe. Hukaa siku kadhaa, pengine miezi, hadi mafuriko yapindue kokoto na kuziachia zisogee hatua nyingine. Kwa hiyo safari ya chembe ni ya vituo vingi, na athari yake kubwa huonekana pale inapotua.

Si kila chembe ni hasara. Makombo ya majani yaliyotafunwa na wadudu ni chakula cha walio chini yao mtoni. Viluwiluwi vya usubi hukamata makombo hayo kwa vinywa vyenye nywele zilizotanuka kama upepeo (katika Usambara Mashariki wapo wanaosafiri wameng'ang'ania kaa wa mtoni, jambo ambalo sikulisadiki hadi nilipomshika kaa mwenyewe), kisha hutoa vinyesi vikubwa kuliko walichokula, ambavyo huzama upesi zaidi na kuwa chakula cha wengine. Udongo mfinyanzi unapozidi, mambo hugeuka: mwanga haufiki kwenye mwani wa mawe, nafasi kati ya kokoto huziba, na mayai ya samaki yaliyomo hukosa maji yenye oksijeni. Fosforasi ya mashambani, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, nayo hupanda juu ya chembe hizo kama abiria.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa la ratiba. Nilichota maji kila Jumatano asubuhi, hali ya hewa ikiwa nzuri, nikaandika kwamba kijito ni safi, kumbe sehemu kubwa ya tope la msimu ilikuwa imepita katika usiku michache ya mvua ya masika nikiwa nimelala. Jiandaeni kuchota wakati wa mafuriko, mkiwa mahali salama, na kila chupa iandikwe saa na kina cha maji, tena ielezwe kama maji yalikuwa yanapanda au yanashuka. Mara nyingi, kwa kina kile kile, maji yanayopanda hubeba tope zaidi kuliko yanayoshuka, kwa kuwa mkupuo wa kwanza hukomba kilichokuwa kimelala tayari njiani na kitandani mwa kijito.

Mkiwa maabara, tikiseni chupa vizuri kabla ya kumimina, kwani punje nzito hubaki chini. Pimeni uzito wa chujio kabla ya kuchuja maji, na tena baada ya kuyachuja na kulikausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi, kisha lichomeni kwa nyuzi 550 na kulipima tena, ili uzito unaopotea uwaonyeshe kiasi cha makombo ya viumbe na unaosalia uwaonyeshe udongo. Wengi huiruka hatua hii, nami naona ndiyo inayotenganisha chakula na kizibo.

Tena msiridhike na maji yanayopita. Chukueni ndoo iliyokatwa kitako, ikandamizeni kwenye kokoto, pimeni tope lililomo, vurugeni kokoto kwa fimbo, kisha pimeni tena mara moja kabla halijatulia; tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tope lililokuwa limejificha kati ya kokoto.