Dagaa wa Mama na Dubu wa Asheville

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Mwanza, karibu nusu ya sanduku lake ilikuwa dagaa. Siku ya pili aliwanusa, akasema wamevuta unyevu safarini, akatandika kanga kuukuu kwenye baraza ya mbao nyuma ya nyumba na kuwaanika juani. Mimi nilikuwa nimelala, maana nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini. Kilichoniamsha ni sauti yake, ya chini kabisa, mlangoni mwa chumba changu: "Mwanangu, njoo uone. Kuna mnyama kakaa kama mtu."

Upande wa pili wa mlango wa kioo, hatua nne hivi kutoka tulipokuwa, dubu mweusi alikuwa ameketi juu ya ile kanga, miguu ya nyuma kainyoosha mbele, anakomba dagaa kwa ulimi. Pua yake ya kahawia ilikuwa inameta magamba. Wale waliopenya katikati ya mbao aliwatoa kwa ncha ya ukucha, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Nilichukua sufuria na mwiko nikagonga kwa nguvu zangu zote. Akainua kichwa, akatutazama, akamalizia dagaa waliobaki, ndipo akaruka ukingo wa baraza na kuingia msituni.

"Atarudi huyo," mama akasema. Akarudi kweli. Jioni nne mfululizo, saa ile ile, akawa ananusa mbao tupu.

Kosa lilikuwa langu. Mama katokea nchi isiyo na dubu hata mmoja, na mimi niliyekuwa nimeshaishi hapa Asheville miaka miwili sikumweleza kitu. Ndiyo maana naandika. Kila mwaka nakutana na Waswahili wenzangu wapya katika milima hii ya Blue Ridge, magharibi ya jimbo la North Carolina, Marekani: Wakongo, Watanzania, Wakenya. Kazi ipo na hewa ni nzuri. Mtu anaelezwa habari za kodi, bima na theluji, lakini dubu anamgundua mwenyewe saa nne usiku akiwa ameshika mfuko wa taka.

Kwanza mjue ni nani. Dubu mweusi ndiye dubu pekee wa porini upande huu wa mashariki ya Marekani. Jike mzima huwa na kilo 50 hadi 100 au zaidi kidogo, na dume anaweza kupita 200. Anapanda mti kwa kasi ya kutisha, na mbio zake hufika karibu kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo wazo la kumkimbia liondoe kabisa kichwani. Lakini chakula chake kikubwa ni majani machanga, matunda ya porini, mbegu za mwaloni, sisimizi na mabuu ya nyigu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za Marekani na Kanada kuanzia 1900 hadi 2009 walihesabu watu 63 waliouawa na dubu weusi wa porini, katika miaka 110. Sisemi usimwogope. Ninachosema ni kwamba anapokuja kwako, karibu kila mara amefuata harufu. Wewe hakujii.

Na pua yake haina mfano. Harufu ya jiko lako anaipata kutoka zaidi ya kilomita moja, na mahali alipokula mara moja hapasahau.

Kwa hiyo habari ya dubu ni habari ya taka. Mtaani kwetu lori la taka hupita Alhamisi asubuhi, na mwaka wa kwanza nilikuwa natoa pipa Jumatano jioni kabla ya kwenda zamu, kama majirani wengi. Nikirudi alfajiri nakuta limelala chali, nepi zimetawanyika hadi kwenye maua ya watu. Ndiyo, nepi. Dubu anazichana vilevile. Nikajaribu kamba, kisha tofali juu ya kifuniko, na vyote viwili vilimchukua dakika chache. Kilichofanya kazi ni pipa lenye komeo la chuma lililotengenezwa kwa ajili ya dubu, pamoja na kulitoa nje asubuhi ile ile ya lori. Kama huwezi kulinunua, weka pipa lako ndani ya gereji au stoo yenye mlango imara, si kibanda cha mbao nyepesi.

Halafu kuna upishi wetu. Sisi tunapika vitu vyenye harufu na wala sikushauri uache. Vichwa vya samaki, mifupa ya kuku, maji ya nyama na utumbo navifunga kwenye mfuko na kuuweka ndani ya friza, nautoa Alhamisi alfajiri ukiwa barafu tupu. Kitu kilichoganda hakitoi harufu nyingi. Mafuta yaliyokaangia sambusa au maandazi usiyamwage nyuma ya nyumba. Yaache yapoe, yatie kwenye kopo lenye kifuniko, yaende na taka. Jiko la nyama choma likishamaliza kazi, liache liwake robo saa zaidi mpaka mafuta yaungue kwenye wavu, kisha safisha ile trei ya chini inayokinga mafuta. Trei hiyo ndiyo watu wanayoisahau, na ndiyo dubu anayoikumbuka. Na pipa lenyewe lioshe kwa amonia mara moja moja.

Vyombo vya kulishia ndege vishushe, basi. Najua vinapendeza. Kilo moja ya mbegu za alizeti zilizomenywa ina kalori zaidi ya 5,000, na dubu hatafuti kitu bora kuliko hicho. Watu watakuambia vitundike tena majira ya baridi dubu wakishalala. Hapa Asheville baridi si kali sana na chakula cha binadamu hakikosekani, kwa hiyo wapo dubu, hasa madume, wanaotembea hata Januari. Mimi nilipanda maua na ndege wakaja wenyewe.

Gari nalo ni stoo ya chakula machoni pa dubu. Mwenzangu mmoja kazini aliacha mfuko wa chapati kwenye kiti cha nyuma, milango haijafungwa kwa ufunguo. Dubu alivuta kitasa kwa mdomo, akaingia, na kwa kuwa gari lilikuwa kwenye mteremko mlango ukajifunga nyuma yake. Saa tisa usiku honi ikaanza kulia. Maofisa walifungua mlango kwa kamba ndefu wakiwa wamesimama mbali, dubu akatoka mbio. Tuliloliona asubuhi sitalisahau: viti vimechanwa hadi kwenye springi, dashibodi imeng'olewa, na kwenye kitambaa cha dari kumejaa alama za kucha za mnyama aliyekuwa anatafuta njia ya kutoka. Funga gari kwa ufunguo hata likiwa uani kwako. Milango ya nyumba yenye vitasa vya kushusha chini ifunge pia, kwa sababu dubu anajua kuvishusha.

Kuna jambo moja ningependa ulitie moyoni, maana linabadilisha namna unavyomtazama mnyama huyu. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na idara ya wanyamapori ya jimbo walianza kuwafuatilia dubu wa Asheville kwa kuwavisha shingoni kola zinazoonyesha walipo. Waligundua kwamba majike wa mwaka mmoja wa hapa mjini wana uzito karibu mara mbili ya wenzao wa msitu wa taifa. Zaidi ya nusu ya majike wa mjini waliokuwa na miaka miwili walikuwa wameshazaa, wakati wale wa msituni wa umri huo hakuna aliyezaa. Chakula chetu ndicho kinachofanya kazi hiyo. Kisha dubu hao wanaongezeka, wanavuka barabara, wanagongwa, wanavunja milango, na siku moja mmoja anazoea kupita kiasi na inabidi auawe. Kumhamisha hakusaidii sana. Dubu hurudi kutoka mbali, na huko anakopelekwa tayari kuna dubu wenyewe. Watu wa milima hii husema dubu aliyelishwa ni dubu aliyekufa. Nilidhani wanatia chumvi, mpaka walipomuua jike mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa ameshaingia jikoni mwa watu mara tatu. Nilimfahamu kwa sikio lake lililochanika. Nililia siku ile, na sioni aibu kusema.

Sasa, ukikutana naye uso kwa uso. Simama. Usikimbie, usipande mti. Jifanye mkubwa, inua mikono, sema naye kwa sauti nzito, rudi nyuma polepole ukimwachia njia ya kuondoka. Akipuliza pumzi, akigongesha meno au akikurukia hatua mbili kisha akasita, hiyo ni hofu yake. Anakuomba nafasi, mpe. Ukimwona jike ana watoto, ondoka taratibu. Kwa kawaida huwapandisha mtini akasubiri upite. Wa kuangalia sana ni dubu aliye peke yake, amenyamaza, anakufuata huku amekukazia macho. Huyo mpigie kelele, mrushie mawe, na akikushika pigana kwa chochote ulicho nacho, umlenge usoni na puani. Usijilaze chini kujifanya maiti kama unavyosikia kwenye hadithi za dubu wa aina nyingine. Akiingia nyumbani, mfungulie milango ya nje, watoe watoto, usimzibe njia. Dawa ya pilipili ya kupulizia inasaidia. Mimi ninayo kando ya mlango wa nyuma.

Mbwa asitoke bila kamba usiku. Washa taa, piga makofi, subiri kidogo, ndipo umtoe. Dubu anapomjeruhi mtu, mara nyingi mbwa yumo ndani ya kisa: alimkimbilia dubu, kisha akarudi naye hadi kwa mwenye mbwa.

Mwezi Juni utaona dubu wadogo wadogo peke yao, wamekonda, wanazurura mchana kama waliopotea. Ni watoto wa mwaka jana ambao mama zao wamewafukuza ili wapate kupandwa tena. Usiwaonee huruma ya kuwapa mkate. Siku hizo ndizo wanazojifunza wapi pa kula, na huruma ya kweli ni kugonga sufuria.

Majira ya majani kupukutika ndiyo magumu kuliko yote. Dubu anajinenepesha kwa ajili ya baridi na anaweza kula kalori 20,000 kwa siku. Zamani milima hii ilikuwa imejaa miti ya chesnati iliyozaa kokwa za kuliwa kila mwaka, lakini ugonjwa wa ukungu ulioonekana mara ya kwanza New York mwaka 1904 uliiangamiza karibu yote. Dubu wamebaki na mialoni, ambayo mwaka mmoja huzaa na mwingine hugoma. Mwaka wa kugoma wanashuka mtaani.

Mwanzoni mwa majira hayo ndipo kimbunga Helene kilipotupiga, Septemba 27, 2024. Umeme ulikatika, na maji salama ya kunywa hayakurudi mjini mpaka siku 53 zilipopita. Friza zetu zote zilioza kwa wakati mmoja. Siku ya nne, tukiwa bado hatuna simu, tulikutana barabarani na jambo la tatu katika mazungumzo, baada ya maji na wazee walio peke yao, lilikuwa dubu. Fundi mmoja wa ujenzi alikuwa na kontena la chuma. Kila nyumba ikabeba nyama yake iliyooza kwa toroli hadi pale, tukafunga mlango kwa mnyororo. Watu walikuwa wamepoteza mapaa na magari, na bado walisukuma matoroli yao. Usiku dubu walikuja wakazunguka kontena lile, tuliwasikia wakilikwaruza. Nyumba haikuguswa hata moja.

Nalitaja hilo kwa sababu pipa lako lenye komeo halitoshi kama jirani anaacha chakula cha paka nje. Ongea naye. Mimi niliambiwa na bibi mmoja wa nyumba ya juu, aliyezaliwa papa hapa, aliyekuja na keki asubuhi baada ya kisa cha dagaa, akakaa na mama yangu saa nzima bila lugha ya pamoja, kisha akanieleza kila kitu bila kunigombeza. Nami nafanya hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilipeleka sambusa kwa kijana anayekodisha nyumba ya kona kwa watalii. Wageni wake walikuwa wanawarushia dubu tufaha ili wapige picha. Alinisikiliza. Amenunua pipa jipya, na amebandika karatasi kwenye mlango wa jikoni ya kuwakataza wageni kulisha. Wiki iliyopita nilikuta maganda ya tufaha tena chini ya baraza yake, nikayaokota. Jumamosi nitaenda tena, na yule bibi kasema tutaongozana.