Shangazi, siku yangu ilipotea angani, nikapata ndugu nisiowajua

*Shangazi, shikamoo. Nilikuwa kwenye ndege kuelekea magharibi, juu ya Pasifiki. Tarehe 12, siku niliyotimiza miaka 40, ilikuwa na saa chache tu tulipovuka mstari wa tarehe, mara ikawa tarehe 13. Kabla hatujafika, ndege ikapata hitilafu, tukatua kwenye kisiwa kidogo na kukaa siku sita tukisubiri kipuri. Nililala ukumbi mmoja na watu wanne nisiowajua. Waliniimbia siku yangu iliyopotea. Mama mmoja mjane nilimwambia mambo ambayo hata dada yangu hayajui. Leo ni miezi mitano tangu nirudi. Kundi letu la WhatsApp limenyamaza, nami nawalilia kama waliofariki. Simpendi yeyote kati yao kimapenzi. Mume wangu anasema mwili umerudi, roho imebaki kisiwani. Je, nilijidanganya? – Msafiri*

Marahaba, mwanangu. Hukujidanganya.

Nasema hivyo mapema kwa sababu naona umeanza kuona aibu kwa majonzi yako. Hata hiyo siku iliyopotea si jambo la kuchekwa. Mwaka 1522, meli ya mwisho iliyosalia katika msafara wa Magellan, wa kwanza kuizunguka dunia, ilitia nanga visiwa vya Cape Verde ikirudi Hispania. Ndani yake alikuwamo Mwitaliano Antonio Pigafetta, aliyeandika shajara yake kila siku bila kuruka. Kwa hesabu zao ilikuwa Jumatano. Watu wa nchi kavu wakawaambia leo ni Alhamisi. Alistaajabu sana, na hakuwa amekosea popote: ukiizunguka dunia kwa kulifuata jua linakotua, kila siku yako hurefuka kidogo, na mwisho wa safari unakuta umehesabu moja pungufu. Wale mabaharia wachache ndio pekee waliokuwa na Jumatano ile. Wewe na wenzako wanne mna siku sita za namna hiyo.

Sasa nikuulize, kwa nini ulimfungulia moyo yule mama na si dada yako? Nadhani ni kwa sababu pale ukumbini hukuwa mama wa mtu, wala mke, wala mfanyakazi wa mtu. Hakuna aliyekudai kitu. Na siri uliyompa haikuwa na njia ya kufika nyumbani kwenu. Uhuru huo ni mtamu, mwanangu, na ni haki yako kuulilia. Ila ulitokana na mahali na wakati ule, na ndiyo sababu kundi limenyamaza. Hawajakusahau. Kila mmoja amerudi kwa wanaomdai.

Vita vya Juni 1967 vilipoufunga Mfereji wa Suez, meli 14 za mataifa mbalimbali zilikwama katika ziwa la Great Bitter Lake lililo ndani ya mfereji huo. Hazikutoka hadi 1975. Mabaharia waliunda chama chao, wakachora stempu zao wenyewe, na mwaka 1968 wakafanya michezo yao ya Olimpiki palepale ziwani. Siamini kwamba undugu ule ulikuwa wa uongo eti kwa sababu mfereji ulipofunguliwa meli zilizosalia zilishika kila moja njia yake.

Linalonisumbua katika barua yako ni jingine. Mumeo umempa sentensi moja tu. Wale wanne umewapa karibu barua nzima.

Alikuwa wapi siku hizo sita? Wewe ulikuwa tarehe 13, yeye bado yuko tarehe 12, labda ana zawadi mkononi, akisikia kwamba ndege ya mkewe imetua pasipotarajiwa. Wewe ulikuwa na watu wanne wa kukuimbia. Yeye aliimbiwa na nani? Ninahisi umemsimulia kisiwa mara nyingi, na hujawahi kumwuliza alivyolala usiku ule wa kwanza. Maneno yake kuhusu roho yako mimi siyasikii kama wivu. Nasikia mtu ambaye bado anakusubiri uwanja wa ndege.

Mwulize, mwanangu. Kaa naye, umwache aanze yeye, asimulie siku zake sita hadi mwisho, na usimkatize kwa kusema “na sisi kule”. Halafu mwambie lile ulilomwambia mjane, kama ni jambo linaloweza kubebwa na nyumba yenu. Kama ni zito mno, mwambie walau kwamba lipo.

Kundi liache lilale. Usilichokoze kwa picha za zamani kila wiki, wala usiwapangie wote safari ya kurudi kisiwani. Mtakuta ukumbi mtupu, na mtaumia. Lakini yule mama mtafute yeye peke yake, kwa sauti, si kwa ujumbe. Ni mjane, na huenda naye anazihesabu siku zile bila wa kumwambia. Kabla ya kupiga, angalia kwake ni saa ngapi.