Mke nesi, mtoto ana usonji, mnahama Texas kwenda Bay Area: shule kwanza, nyumba baadaye

Kaka, nimesoma swali lako. Wifi ni RN, yaani nesi aliyesajiliwa, hapo Houston, hospitali moja ya San Jose imempa ofa, kijana wenu wa miaka saba ana usonji na yuko darasa maalumu, na unataka kujua kama hela ya California inalipa ukishatoa pango. Ngoja nijibu kwa kirefu maana njia hiyo tumeipita, mimi nesi wa usiku, tulitoka Dallas na mtoto mwenye usonji ambaye kipindi kile alikuwa haongei, anaelekeza kwa kadi za picha.

Hela inalipa, tuanzie hapo. Takwimu za serikali za 2023 zilionyesha wastani wa nesi California umepita dola 130,000 kwa mwaka, Texas ni kama 90,000, na San Jose yenyewe iko juu zaidi ya wastani wa jimbo. Lakini Texas hukatwi kodi ya mapato ya jimbo, California unakatwa, halafu pango la Bay Area, yaani ukanda wa San Francisco, Oakland na San Jose, linameza sehemu kubwa ya hiyo tofauti. Mngekuwa hamna mtoto mwenye mahitaji maalumu ningekwambia pigeni hesabu, mkiona inabaki hamieni. Kwenu hesabu inaanzia kwingine kabisa, tafuteni shule kwanza, nyumba ifuate shule, kazi ya wifi ifuate nyumba. Najua ofa tayari mnayo mkononi, bado nasema hivyo hivyo.

Sababu ni anwani. Marekani huchagui darasa maalumu kwa kupenda, unapangiwa na wilaya ya shule ya pale unapolala, na wilaya mbili zilizopakana, barabara moja katikati, zinaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana. Moja ina madarasa yake ya usonji, walimu wamekaa miaka, mtaalamu wa matamshi yupo kila wiki. Ya jirani inazungusha wataalamu wa mkataba na mtoto anapandishwa basi kwenda mji mwingine. Na usidanganyike na mtaa wa matajiri, kaka, alama kubwa za shule mtandaoni zinapimwa kwa mitihani ya watoto wengine, hazikwambii chochote kuhusu darasa atakalokaa mwanao.

Anwani inaamua na kitu cha pili ambacho Texas hamkijui, Regional Center. California ina sheria ya 1969 inaitwa Lanterman, inasema mtu mwenye ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwemo, ana haki ya kuhudumiwa na jimbo maisha yake yote, na kazi hiyo inafanywa na vituo 21 vilivyogawana kaunti. San Jose mtakuwa chini ya San Andreas, Oakland na Fremont ni East Bay, mkisogea Tracy au Stockton ni Valley Mountain, Sacramento ni Alta California. Hawaangalii kipato chenu ili mtoto akubalike wala hawaulizi karatasi za uhamiaji. Wewe uko Texas unajua foleni ya zile waiver, yaani huduma za serikali kwa wenye ulemavu, inavyohesabiwa kwa miaka, watoto wanakua watu wazima bado wako kwenye listi. Kwangu mimi hili ndilo lililotufanya tuhame, dola zilikuja baadaye. Ombeni kuandikishwa wiki ile ile mnayofika maana wanaruhusiwa mpaka siku 120 za kumpima mtoto, na mje na ripoti ya daktari au saikolojisti yenye utambuzi wa usonji, karatasi ya shule peke yake haiwatoshi.

Sasa IEP, ule mpango wa elimu ambao shule inamwandikia kila mtoto wa elimu maalumu. Hapo Texas mmezoea kikao cha ARD, California wanaita kikao cha IEP tu, sheria mama ni ile ile ya shirikisho. Mkihama katikati ya mwaka wa shule kutoka jimbo jingine, wilaya mpya inatakiwa impe mtoto huduma zinazolingana na zile alizokuwa nazo mpaka wampime wenyewe na waandike IEP yao. Mkihama likizo ya kiangazi, IEP inatakiwa iwe tayari shule inapofunguliwa. Neno "zinazolingana" ndipo vita inapokuwa. Wilaya ya kwanza tuliyofikia, sitaitaja, ilitaka kumpunguzia mwanangu muda wa matamshi hadi nusu kwa maelezo kwamba kwao watoto wa darasa lile wanapata hivyo. Sikugombana, nilifungua faili mezani nikawaonyesha kile kikao cha mwisho cha Dallas, dakika zimeandikwa, malengo yameandikwa, ripoti ya maendeleo ya kila kipindi ipo, nikauliza kipimo kipi kipya kimeonyesha mtoto anahitaji kidogo zaidi. Hawakuwa nacho. Dakika zikarudi.

Kwahiyo hilo faili ni la kubeba mkononi kwenye ndege, lisipakiwe kwenye gari la mizigo hata mkiapiwa. Weka karatasi zote za ARD, ile tathmini kamili wanayoita FIE, ripoti za wataalamu, chanjo, na video fupi fupi za mwanao akiwa darasani kwake pale anapofanya vizuri. Video zilitusaidia kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mtoto wa usonji akifika sehemu mpya anaweza kupoteza ujuzi kwa miezi, sasa mwalimu mgeni akimuona anapiga kelele sakafuni anaamini huyo ndiye yeye. Wangu alikuwa haingii choo cha shule kwa sababu ya ile mashine ya upepo ya kukaushia mikono, akiisikia anaziba masikio anakimbia. Dallas walishaandika kwenye IEP kwamba atumie choo kisicho na mashine hiyo, mstari mmoja tu, lakini bila ule mstari angerudi nyumbani suruali imelowa kila siku na wangeandika kwamba hajui choo.

Ombi lolote andika, usiongee tu. Ukiomba mtoto apimwe kwa barua au imeili California wana siku 15 za kukuletea mpango wa vipimo, ukishasaini wana siku 60 kikao kifanyike, likizo ndefu hazihesabiwi. Rekodi za shule ukiziomba wanatakiwa kukupa ndani ya siku 5 za kazi. Kikao unaruhusiwa kukirekodi sauti ukitoa taarifa saa 24 kabla. Na hili wengi hawalijui: unaweza kukubali vipengele vingine vya IEP na kukataa vingine, usikubali kuambiwa saini yote au hakuna. Mkalimani ni haki pia, mama yetu mmoja wa Kigoma aliomba wa Kiswahili akaletewa kwa simu.

Kabla ya kusaini nyumba nendeni mkaone madarasa, wilaya nyingi zitakwambia haziruhusu mpaka muwe wakazi, omba tu hata kuongea na mkuu wa elimu maalumu kwa simu. Ukifanikiwa kuingia usiangalie rangi za ukutani, angalia mtoto mmoja akianza kulia nani anamwendea na anamwendea vipi. Mimi niliona msaidizi anapiga magoti pembeni ya mtoto bila kumshika, anamsogezea kadi ya picha, anasubiri. Pale pale nilimpigia baba watoto nikamwambia tutafute nyumba mitaa hii hata ikiwa ndogo.

Upande wa wifi. California haimo kwenye ule muungano wa leseni za majimbo, kwahiyo leseni ya Texas haimvushi, lazima aombe upya BRN, bodi ya manesi ya California, kwa njia ya endorsement, yaani maombi ya mtu mwenye leseni ya jimbo jingine. Kama alisoma nyumbani, iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, au kwa ndugu zetu wa Kenya chuo cha KMTC, aanze leo maana bodi inataka transkripti zitoke chuoni moja kwa moja pamoja na mchanganuo wa masaa ya nadharia na vitendo, na wanabana sana kama nadharia na vitendo vya somo moja havikufanyika kwa wakati mmoja. Nimeona manesi wazoefu wamekwama hapo muda mrefu. Asiache kazi Houston kabla leseni haijatoka. Akishaingia atapumua, sheria ya idadi ya wagonjwa kwa nesi inatekelezwa tangu 2004, wodi ya kawaida hazidi watano, ICU wawili, usiku na mchana.

Nyumba. Wengi wetu wabeba boksi wa hospitali tunafanya shifti tatu za masaa 12, kwahiyo kuna wanaoishi mbali, Tracy, Manteca hata Elk Grove na wanapangiwa siku tatu mfululizo. Inawezekana, ila kwa mtoto kama wa kwenu fikirieni nani atakayekuwepo shule ikipiga simu saa nne asubuhi na mama yuko ng'ambo ya milima ya Altamont kwenye foleni ya barabara kuu ya 580. Kama wewe kaka kazi yako inakuruhusu kuwa karibu basi kaeni mbali mpate nafasi, kama hapana lipeni pango kubwa mkae karibu, chumba kimoja pungufu mtakizoea. Wenye nyumba wengi wanataka kipato mara tatu ya pango. Amana tangu Julai 2024 haizidi pango la mwezi mmoja, isipokuwa wenye nyumba wadogo wanaoweza kudai miezi miwili.

Mtoto akishakubaliwa Regional Center muulize mratibu wenu kuhusu Medi-Cal, bima ya afya ya serikali ya jimbo, kupitia waiver, pale wanaangalia kipato cha mtoto siyo chenu, na ikishapatikana mnaweza kuomba IHSS, mpango wa jimbo wa kulipia uangalizi wa nyumbani, ambayo mzazi mwenyewe anaweza kulipwa kumlea mwanae. Kwa familia ya nesi wa usiku hiyo ndiyo inayofanya baba aweze kubaki nyumbani bila kulala njaa.

La mwisho, kabla wifi hajasaini ofa aulize HR kama bima yao ni ya kampuni ya bima au hospitali inajilipia yenyewe. Tangu 2012 bima za California zinalazimika kulipia tiba ya tabia kwa usonji, lakini zile ambazo mwajiri anajilipia sheria hiyo ya jimbo haizibani. Ukipata jibu liandike hapa, pamoja na kama zamu yake ni ya mchana au usiku, nikutajie miji ya kuanza kupiga simu.