Chumba cha futi 10 kwa 10: kupata nafasi bila kugombana na ukuta

Mwezi Machi wa mwaka wangu wa kwanza nikiwa mpangaji Isanga, hapa Mbeya mjini, nilivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda nikitafuta suti ya kuvaa harusini. Nilikuta mabega yake yameota ukungu mweupe, na bahasha ya vyeti vyangu ikiwa imelowa kona moja kana kwamba mtu ameichovya majini. Bati halikuwa likivuja, wala hakuna aliyemwaga maji. Sanduku lilikuwa limesukumwa mpaka likagusa ukuta wa nje, na hilo ndilo lilikuwa kosa lote.

Chumba chenyewe kilikuwa, na bado ni, cha futi 10 kwa 10. Kitanda cha 5 kwa 6 peke yake kinameza futi za mraba 30 kati ya 100, na ukiondoa nafasi ya mlango kufunguka na njia ya kupita, unabaki na eneo ambalo kabati la milango miwili na meza vinalimaliza kabla hujaweka ndoo ya maji, jiko la gesi na gunia la mchele linalotoka Kyela kila msimu. Kama wapangaji wengi, nilipanga kwa kusukuma: kila kitu kiliegemezwa ukutani, na kilichokosa ukuta kikaingia uvunguni. Kwa mgeni aliyesimama mlangoni chumba kilionekana kimepangika vizuri kabisa.

Ushauri mwingi wa kupamba vyumba vidogo unaandikwa na watu wa mahali pa joto, na unahimiza jambo moja tu, yaani kuachia sakafu na kutumia kuta. Ni ushauri mzuri, lakini kwetu huku nyanda za juu unahitaji nyongeza: vitu vitoke sakafuni, na papo hapo visigandamane na ukuta wa nje. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza kunyesha kwenye mwezi Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na mara tu zinapokatika tunaingia katika baridi ya Juni na Julai, ambapo usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka tunalala madirisha yakiwa yamefungwa. Pumzi za watu waliolala, mvuke wa chai na wa maharage yaliyochemka jioni, vyote hubaki ndani, na hewa hiyo yenye unyevu ikikutana na kitu cha baridi hugeuka kuwa maji. Matone unayoyaona kwenye kioo cha dirisha asubuhi yanatokea pia kwenye ukuta wa nje, ila lipu inayanyonya na wewe huyaoni. Nyuma ya kabati, mahali ambapo hewa haipiti, ukuta haupati nafasi ya kukauka, na ukungu unapata makao.

Basi kabla ya kununua hata msumari mmoja, nilitoa kila kitu nje siku ya Jumamosi yenye jua, nikachukua tepu ya kupimia na karatasi ya daftari la hesabu, nikachora chumba kwa kuhesabu kila mraba kuwa nusu futi. Kazi hiyo ilinichukua saa moja na ikaniokoa na makosa mengi. Kabati lilihamia kwenye ukuta wa ndani, ule unaopakana na korido, ambao haupigwi na baridi ya nje. Kitanda nilikisogeza mbali na ukuta wa nje kwa upana wa vidole vinne, na mgongo wa kabati, ambao ni mbao nyembamba tu za plaiwudi, niliutoboa matundu sita ya kupitisha hewa. Tangu hapo nimejizoeza kufungua dirisha kwa nusu saa kila jua linapotoka, hata kama kuna baridi.

Ukungu uliokwisha kuota ukutani usipakwe rangi juu yake, kwa sababu utachungulia tena kabla ya mvua zinazofuata kwisha. Niliusugua kwa brashi ngumu na jiki iliyochanganywa na maji, dirisha na mlango vikiwa wazi. Angalizo hapa ni la lazima: jiki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina asidi, na mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Baada ya hapo ukuta uachwe ukauke kabisa. Kwa Mbeya mimi huona miezi ya Agosti hadi Oktoba kuwa ndiyo ya kupaka rangi, kwa sababu kuna jua na upepo, na mkono wa kwanza hukauka kabla hujamaliza kunywa chai. Kuta nne za futi 10, zenye kimo cha futi 9, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita za mraba 30. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo lita 6 zinatosha kwa mikono miwili, na ukiwa na lipu mpya inayonyonya ongeza kidogo. Nilichagua nyeupe iliyofifia kuelekea rangi ya maziwa. Sina ugomvi na wanaopenda ukuta mmoja wa rangi kali, ila katika chumba cha dirisha moja mwanga ni mali, na rangi nzito inaumeza.

Sasa niseme habari ya rafu, maana ndipo nilipoaibika. Rafu yangu ya kwanza ilianguka saa nane usiku, ikiwa na glasi sita, chupa ya chai na redio, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimevamiwa. Nilikuwa nimepigilia kipande cha mbao cha unene wa inchi 1 kwa misumari ya zege ya inchi 2, kisha nikalaza ubao juu yake. Fundi aliyekuja asubuhi hakusema mengi. Aliingiza ncha ya bisibisi kwenye tundu, akapuliza vumbi, akaniambia, “Dada, msumari wako haukufika kwenye tofali. Umening’iniza vyombo kwenye lipu.” Hesabu yake ilikuwa wazi: inchi moja ya msumari ilikuwa imeishia ndani ya mbao, na inchi iliyobaki ikaishia ndani ya lipu, ambayo kwenye nyumba ile ina unene karibu huohuo. Tofali halikuguswa hata kidogo.

Namna aliyonifundisha ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Unatumia vyuma vya pembe, vile vyenye umbo la herufi L, na skrubu za inchi 3 pamoja na fisha zake, yaani vile vibomba vya plastiki vinavyoingia tunduni ili skrubu ishike. Unatoboa kwa drili, na wakati tundu linaingia unaangalia rangi ya vumbi linalodondoka kwenye karatasi uliyoibandika chini ya tundu. Kwanza linatoka vumbi la kijivu, ambalo ni lipu. Likigeuka jekundu, umefika kwenye tofali la kuchoma, na hapo endelea. Likigeuka la udongo wa kahawia, au drili ikizama ghafla bila upinzani, umeangukia kwenye maungio ya matofali, na nyumba nyingi za zamani huku zimejengwa kwa udongo kwenye maungio hayo, hivyo fisha haitashika. Ziba tundu hilo, sogea inchi mbili, anza upya. Fisha nayo usiiache ikaishia kwenye lipu. Isukume kwa ncha ya msumari mpaka ikae ndani ya tofali. Usitoboe kwenye mstari ulionyooka juu au chini ya soketi na swichi, kwa kuwa nyaya za umeme kwa kawaida hupita humo. Pimamaji ya kukodi kwa fundi ni bora kuliko kuamini macho, hasa kwenye nyumba ambayo dari lenyewe limepinda.

Kama wewe ni mpangaji, omba ruhusa kwanza. Mama mwenye nyumba wangu alisikiliza maelezo yangu marefu, kisha akanijibu kwa ufupi, “Toboa, mwanangu, ila siku ukihama uzibe.” Wako wenye nyumba wasiokubali hata msumari, na kwa hao dawa ni rafu ya kusimama kwa miguu yake, ndefu kuelekea juu na nyembamba, ambayo vitu vizito vinakaa chini na vyepesi juu.

Kwa upande wa mbao, sisi tumebarikiwa. Mbao za paini kutoka Mafinga, ambako kuna msitu wa Sao Hill, na kutoka Makete na Njombe, zinapatikana kila kona ya mji. Ubao wa 1 kwa 8 wenye urefu wa futi 12 unakupa rafu nne za karibu futi 3 kila moja, na upana wake wa inchi 8 unatosha kwa nguo zilizokunjwa, vyombo na vitabu. Weka vyuma vya pembe viwili vikiwa vimeachana kama sentimita 60, ncha za ubao zikizidi kidogo kila upande. Kwa mzigo wa vitabu ongeza cha tatu katikati. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kununua mbao mbichi na kuzifunga siku hiyohiyo. Paini mbichi inapokauka hujikunja, na rafu uliyoiweka sawasawa mwezi Mei unaikuta mwezi Agosti imeinua kona kama kiatu kilichonyeshewa. Ubao mbichi utaujua kwa uzito wake na kwa ubaridi wake ukiugusa kwa shavu. Upange kivulini, juu ya vijiti vyenye unene mmoja ili hewa ipite chini na juu, uweke matofali mawili ya kuukandamiza, na uvumilie wiki tatu au zaidi. Tazama pia macho ya mbao, yaani mabaka ya mahali palipoota matawi: jicho kubwa likiwa ukingoni, ubao utavunjika hapo.

Mbao zenye dawa, zile za kijani zinazouzwa kwa ajili ya kenchi, zisiingie kwenye rafu ya chakula. Dawa yake inazuia mchwa kwa sababu ni sumu, na vipande vinavyobaki visitupwe jikoni kama kuni, kwa kuwa moshi wake ni hatari.

Uvungu wa kitanda niliurudia kwa adabu zaidi. Niliwekea miguu ya kitanda vigogo vinne vya mkaratusi, kila kimoja kikiwa kimechongwa shimo la kina cha inchi 1 ili mguu usiteleze, na uvungu ukapanda hadi kimo cha futi 1. Eneo la futi za mraba 30 likiwa na kimo hicho linakupa futi za ujazo 30, ambazo ni nafasi kubwa kuliko kabati nililonalo. Humo nilitia matenga manne ya mbao, yale yanayobebea nyanya za Ilula, baada ya kuyaosha, kuyapiga msasa na kuyafungia magurudumu madogo. Tenga lina uzuri ambao boksi la plastiki halina: nafasi kati ya mbao zake zinapitisha hewa, na blanketi zangu za msimu wa baridi hazijawahi tena kunuka uvundo. Vyeti pekee ndivyo nilivyovitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, nikaiweka juu ya kabati.

Milango ya rafu niliiacha kabisa. Mlango wa futi 2 unadai futi 2 za sakafu kila unapofunguliwa, jambo ambalo mchoro wangu wa daftari ulinionyesha mapema. Badala yake nilivuta springi ya pazia kutoka kona hadi kona, nikatundika kitenge cha rangi ya bluu, na sasa kitenge hicho ndicho pambo kubwa la chumba. Kwa vitu vidogo nimetundika vikapu vitatu vya Iringa, vilivyosukwa kwa milulu, kimoja cha vitunguu, kimoja cha soksi na mitandio, kimoja cha chaja na nyaya ambazo zamani zilizagaa mezani. Kioo nimekiweka mkabala na dirisha. Picha ni mbili tu.

Kitu ambacho bado kinanisumbua ni meza ya kukunja. Niliifunga chini ya dirisha kwa bawaba tatu na mguu mmoja wa kukunjuka, ili ninaposahihisha madaftari niwe na mahali, na nikimaliza ishuke, ilale kando ya ukuta. Bawaba zinafanya kazi vizuri, lakini mguu niliukata kabla ya kupima mteremko wa sakafu, ukawa mfupi kwa kama nusu inchi. Kwa sasa umewekewa kipande cha katoni kilichokunjwa mara nne, na ubao wa mguu mpya umelala kivulini nyuma ya nyumba, juu ya vijiti, ukiwa katika wiki yake ya pili.