Maswali na majibu ya sheria: Nikisema uongo, nashitakiwa?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu uongo: wa mahakamani, wa kwa wakili, wa mitandaoni. Majibu yangu yanafuata sheria za Tanzania Bara.

Nilitoa ushahidi kwenye mirathi ya kaka yangu nikasema alifunga ndoa mwaka 1994. Cheti kimepatikana, kinaonyesha 1996. Mashemeji wanasema nitafungwa miaka saba. — Korogwe

Hiyo miaka 7 hawakuizua, ndiyo adhabu ya juu ya kutoa ushahidi wa uongo. Lakini kifungu cha 102 cha Kanuni ya Adhabu kinamkamata aliyesema uongo huku akijua ni uongo, tena kwenye jambo la msingi katika shauri. Aliyesahau mwaka hakusema uongo, kakosea. Halafu kifungu cha 105 hakiruhusu mtu atiwe hatiani kwa neno la shahidi mmoja tu kwamba alichosema ni uongo.

Usilale lakini. Kama kuna nyumba iliyojengwa 1995 na inagombaniwa, mwaka wa ndoa ndio kesi yenyewe. Shauri likiwa bado linaendelea, mwambie msimamizi wa mirathi au upande uliokuita kwamba unataka kurekebisha maelezo yako. Ukirudia 1994 sasa, baada ya kuona cheti, utakuwa unajua.

Shahidi wao hakushika Biblia wala Msahafu. Si hajaapa huyo? — Singida

Ameapa. Akikubali utaratibu aliopewa, hawezi kujificha nyuma ya kitabu ambacho hakukishika. Na uongo ukiwa kwenye ushahidi wa maandishi, ni kosa vilevile.

Mume wangu ameapa kwa wakili kwamba hati ya nyumba tunayoishi imepotea, anataka apewe nyingine. Hati ipo kwa mtu aliyemkopesha pesa, nilikuwepo akiikabidhi. Wakili si kashapiga muhuri? — Kibaha

Mama, muhuri wa wakili unathibitisha kwamba mumeo alifika mbele yake akaapa. Hauthibitishi kwamba alichoapa ni kweli, na watu wengi hukosea hapo. Kuapa uongo mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha ni kosa la jinai hata kama hakuna kesi iliyofunguliwa.

Hata mahakamani kiapo cha namna hiyo hakimfikishi mbali. Katika shauri la Ignazio Messina dhidi ya Willow Investments SPRL, Mahakama ya Rufani ilisema hati ya kiapo iliyochafuliwa na uongo si hati ya kiapo, haiwezi kutegemewa kuunga mkono maombi.

Kabla ya kukimbilia polisi, mwandikie Msajili wa Hati, eleza hati iko wapi, ambatanisha nakala ya makubaliano ya mkopo kama unayo. Muulize pia wakili wako (si yule wa mumeo) kuhusu kuweka zuio kwenye nyumba hiyo. Hati mpya ikishatoka, kazi inakuwa kubwa mara kumi.

Fundi alichukua laki tatu za kabati, akaahidi wiki mbili. Miezi imepita. Huu si utapeli? — Mbagala

Inategemea alikwambia nini. Kwa kifungu cha 301 cha Kanuni ya Adhabu, udanganyifu ni maelezo ya uongo kuhusu jambo lililokwishakuwa au lililopo. Ahadi ya kesho, peke yake, haiingii. Angesema “mbao zako nimeshanunua, ziko karakana” na hakuna hata ubao mmoja, hilo ni jambo lililopo na la uongo, na polisi wana la kufanyia kazi. Akisema tu “nitakutengenezea”, unamdai kwa kesi ya madai. Ndiyo maana nasisitiza: soma tena meseji zake kabla hujafuta.

Nilisambaza taarifa ya uongo kwenye grupu la mtaa, sikuitunga mimi. Nimeshaifuta. Niko salama? — Mwanza

Kutoitunga si kinga. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha, akijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha umma, kukashifu au kutisha. Faini haipungui shilingi milioni 5, kifungo hakipungui miaka 3, au vyote viwili. Binafsi naona ni adhabu nzito mno kwa ujumbe wa simu, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Kama uliamini ni kweli, hiyo ndiyo hoja yako. Kufuta hakufuti kosa, na waliopokea wanazo picha. Andika sahihisho kwenye grupu hilohilo, leo.